Wakili wa Edinbara Mezani Pangu

Walimleta Jumatano, amefungwa blanketi la kijivu.
Tarishi wa Nyang'acha na Wenzake, mawakili, ghorofa ya sita,
akanisomea masharti kama hati ya kukamatwa:
fremu tu, fundi. Bungua tu. Picha usiiguse.
Nikasema sawa. Nikatia sahihi.
Kwa mawakili hata blanketi hutiwa sahihi.

Basi tukabaki wawili karakanani, Barabara ya Kirinyaga,
jirani anagonga bodi ya lori mpaka vumbi linacheza,
na yeye amelala chali, miaka mia mbili na ushei,
wigi la unga kichwani, shavu jekundu
la mtu aliyekula nyama akanyamaza.
Nyuma, kwenye ubao, kikaratasi: wakili, Edinbara.
Jina limeliwa. Bungua habagui.

Nimetia fremu maharusi, nimetia fremu vyeti,
nimetia fremu marehemu wengi kuliko aliowazika mchungaji wetu.
Uso naujua. Huu mchoraji aliupenda, au aliuogopa,
maana kila ukope umelipiwa.
Lakini shuka chini, tazama mkono wa kushoto:
vidole vinne vimebandikwa juu ya kitabu
kama maandazi yaliyoopolewa mafutani kabla ya wakati.
Hapo bei ilibishaniwa.
Mteja wa kupunguza namjua kwa nyayo, sembuse vidole.

Mkono wa kulia ameshika karatasi.
Mistari saba, na chini mkwaruzo wa sahihi.
Nami nina ugonjwa wa karatasi.
Mama yangu, Wangechi wa Kabiru,
ana kiwanja Ruai chenye nyumba ya mtu mwingine,
na faili Milimani lililoanza nikiwa bado na nywele.
Limeahirishwa: hakimu yuko likizoni.
Limeahirishwa: faili halionekani.
Limeahirishwa: mvua.
Na wakili wetu nani? Huyohuyo wa ghorofa ya sita,
ambaye juu ya kiti cha wageni amemtundika mzee huyu,
miaka kumi na mmoja, akitutazama
mimi na mama tukihesabu noti.
Ndiyo. Tunajuana.

Saa mbili usiku nilifunga mlango wa bati.
Nikachukua pamba, nikailowesha kwa mate.
Usicheke, mate hayana ukali wa spiriti,
baba alisafishia hayohayo sanamu za Bikira.
Nikagusa kona ya ile karatasi, polepole,
kama kumpangusa mtoto aliyelala.
Pamba ikatoka rangi ya chai:
moshi wa mishumaa yao, moshi wa sigara zetu.
Nikagusa tena. Nikasogeza taa. Nikavaa miwani.

Si maandishi.
Ni brashi imetetemeka, imepanda, imeshuka,
a isiyo a, m isiyo m,
mistari saba ya kujifanya.
Miaka yote hiyo ameshika hati isiyosema kitu,
na kila aliyeingia ofisini alishusha sauti.

Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akagonga bati.
Kisha sikucheka.

Asubuhi nikaziba matundu kwa nta,
nikabadilisha upande mmoja wa fremu,
nikapaka dhahabu ya kopo palipobanduka.
Kabla ya kupigilia ubao wa nyuma
nikachukua penseli ya seremala, ile nene,
nikaandika upande wa ndani, kwa herufi za mtu
aliyeachia darasa la saba:
namba ya kesi, mwaka, jina la mama, namba ya ploti.
Misumari kumi na miwili. Sikupunguza hata mmoja.

Tarishi akaja na blanketi lake. Akakagua, akasifu.

Alhamisi ya wiki ijayo tuna tarehe.
Mama ataketi palepale, mkoba magotini.
Ataulizwa kama amekuja na chochote.
Atasema, amekuja na kidogo.
Nami nitamtazama Mskoti,
pale palipotakata karibu na kidole gumba, upana wa kucha,
naye, mgongo ukutani,
atakuwa ameshika karatasi yake.